Fungu la Mwisho la Kitabu cha Nyota

11 Februari

Mke mwenzangu mdogo,

Hatujambo, na tungekuwa hatujambo zaidi kama ungeandika kabla ya mwaka kugeuka. Mume wetu, babu yako, anakusalimu. Goti lake la kulia limegoma, anatembea kama mlango uliobaki na bawaba moja, na bado anabishana na redio. Mama yako mzima. Wamemwongezea zamu kliniki, akirudi hana nguvu ya kunijibu, kwa hiyo nyumba imepata amani. Mimi usiniulize mgongo, usiniulize macho. Bado nasimamia meza ya kukatia, na pale karakana hakuna binti anayepeleka mkasi akanishinda.

Sasa vitabu. Umeuliza bibi aliyeishia darasa la tatu anatafuta nini kwenye riwaya za angani. Natafuta heshima yangu. Chama chetu cha Kusoma, sisi wanawake tisa tunaobaki Jumamosi cherehani zikizimwa, tumesoma mapenzi mwaka mzima. Kila kitabu kina mwanamke analia dirishani. Mpiga Pasi akasema yule wa mwisho angepewa shuka za hospitali azinyooshe, asingepata nafasi ya dirisha. Basi nikasema mjukuu wangu alikulia chini ya meza yangu akisoma vitabu vya nyota, atatuchagulia. Nilisema mbele ya Mwenyekiti, yule mkunga mstaafu anayekuja kushona vifungo ili asikae na wakwe zake, anayejiona ameizalisha dunia nzima. Ukiniaibisha, umeniaibisha mbele ya huyo.

Na viwili ulivyotuma vimekataliwa. Kile cha mashine zinazotawala ufalme, sura kumi zimepita hakuna aliyekula. Hata kwenye vita watu wanakula. Kile cha pili, abiria wamelazwa kwenye masanduku miaka mia wakienda kwenye nyota nyingine. Mwenyekiti akauliza nani anawageuza wasioze mgongo. Hakuna aliyejua, wala aliyekiandika hakujua. Tukakifunga.

Tuma kingine. Kiwe na mama ndani yake, na kiwe na watu ninaoweza kuwagombeza.

Ukurasa wa pili wa barua yako sikuusoma. Uliwekwa karibu na pasi, ukaungua. Niliona neno "barafu" na neno "miaka," basi.

Mimi mke mkubwa,
Bibi yako


3 Machi

Bibi, shikamoo, na shikamoo nyingine mpe Babu aiweke juu ya goti.

Mimi mzima. Chumba changu ni kilekile, juu ya duka la matairi, na mwenye nyumba amekubali hatimaye kurekebisha bomba. Kazini wamenipa ghala zima la dawa nilisimamie, majokofu yote kumi na manane. Likizima moja usiku, naamshwa mimi.

Pole kwa pasi. Nimeuandika upya ukurasa wa pili, ila safari hii nimeutanguliza mbele kidogo, ili pasi ikirudia ichome habari za kitabu.

Kuna kituo cha utafiti kwenye nchi ya barafu tupu, mahali ambapo hakuna mtu aliyezaliwa. Wataalamu wanachimba barafu ya zamani sana, wanaisoma hali ya hewa ya enzi ambazo hata Babu hajafika. Barafu hiyo ikishachimbwa haitakiwi kupanda wala kushuka ubaridi hata kidogo, na watu nao vyumba vyao havitakiwi kupoa. Wanahitaji fundi wa mitambo hiyo. Nimeomba, nimechaguliwa. Ni miaka miwili. Meli inakwenda mara moja kwa mwaka, inaleta chakula na barua, inarudi. Simu ya kituo ni ya kazi na dharura.

Nimewaomba wanisubiri hadi mwisho wa Agosti. Mama nilimwambia kwa simu, akasema, "Muulize aliyekulea." Aliyenilea ni wewe. Sitatia sahihi bila neno lako. Sisemi kukubembeleza, nasema ndivyo ilivyo.

Kitabu nilichotuma leo ni kinene, utakiona. Muuza vitabu aliye jirani na kituo cha basi ameniapia kwamba kina mama ndani, watu wanakula kila sura, na hakuna anayelazwa kwenye sanduku. Ni habari ya mwanamke nahodha wa chombo cha angani. Nakala ni moja, mtapokezana.

Mjukuu wako


14 Aprili

Mke mdogo,

Salamu zimefika, na goti limezipokea. Babu yako amepaka rangi mlango wa mbele, kijani, bila kumuuliza mtu. Tunaonekana kama duka la dawa. Mama yako amecheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule wa simu yako.

Kupokezana tumejaribu. Kitabu kilikaa kwa Mpiga Pasi mpaka wengine wakaanza kumwonea kijicho, akaja, hajafika hata katikati, anasimulia vipande karakana nzima, ikawa vurugu. Mwenyekiti akaanza kutafuta kosa ni la nani. Nikasema kosa si la mtu, kosa ni la mshono. Kitu kikubwa hakishonwi na mtu mmoja. Gauni la harusi unampa huyu mikono, yule kiuno, mwingine pindo. Nikachukua kiwembe cha kufumulia, nikakifumua kitabu mgongoni, uzi kwa uzi, hakuna karatasi iliyopasuka. Nikakigawa mafungu tisa. Kila fungu nimelishona upya na kulivisha jalada la kitambaa kilichobaki kwenye mashuka. Sasa kila mwanamke ana fungu lake. Analisoma nyumbani, Jumamosi anakuja kuwasimulia wenzake kwa mdomo, la kwanza mpaka la tisa, kila mtu kwa zamu yake. La mwisho ni langu, maana kitabu nimekileta mimi.

Ungewaona. Mpiga Pasi alipata vita vya sura ya nane, akavipigana na pasi mkononi mpaka tukamwomba aiweke chini. Mwenyekiti fungu lake lina mwanamke anajifungua ndani ya chombo, huku kila kitu kinaelea. Ametumia Jumamosi mbili. Anasimulia mstari mmoja, anasahihisha ukunga mistari kumi. Tumemwambia mtoto ameshazaliwa, mwache akue.

Na nahodha huyo nimempenda, ana mdomo. Mama yake alimwambia, "Huko unakokwenda wanakujua?" naye akajibu, "Watanijua nikifika." Jeuri, kama mtu mmoja ninayemfahamu.

Huo ukurasa wako nimeusoma. Fundi wa majokofu anapelekwa kwenye barafu. Huko si kumpelekea samaki ndoo ya maji? Nilicheka mpaka babu yako akapunguza redio asikie kuna nini. Nilipomweleza hakucheka. Akatoka nje kuangalia mlango wake.

Jibu unalotaka, ngoja kwanza. Mtu haamui katikati ya kitabu.

Bibi yako


2 Mei

Bibi, shikamoo.

Niliposoma kwamba umekifumua kitabu, nilikaa chini. Kisha nikasoma tena, nikacheka peke yangu ghalani, mlinzi akaja kuuliza kama gesi imevuja.

Babu mwambie kijani ni rangi ya heshima. Mama ameniandikia mistari mitatu, mmoja wa salamu, miwili ya kuniambia nile.

Wametuita kwenye mafunzo ya siku chache. Walituvalisha makoti mazito wakatuingiza kwenye chumba baridi kuliko chochote nilichowahi kurekebisha, wakatupa kila mmoja pampu mbovu. Kope zilishikana. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Pampu yangu ilizunguka, ya jirani yangu haikuzunguka, nikamsaidia. Mwanamke aliyekuwa anatusimamia aliuliza kila mtu kitu gani cha nyumbani atakikosa. Watu wakataja chakula. Mimi nikasema kelele za cherehani. Akaandika.

Bibi, kitabu kimefika wapi? Niandikie kila fungu, nami nijue.

Mjukuu wako


22 Juni

Mke mdogo,

Sisi wazima. Karakana wameleta oda ya mapazia ya shule nzima, mikono inauma lakini haijakauka. Mama yako amehamishiwa zamu ya mchana, sasa ananijibu tena. Goti ni lilelile.

Kitabu tumekimaliza. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu, fungu la tisa. Walikuja wote, hata yule wa matundu ya vifungo anayesinziaga. Nikasimama, nikawasimulia. Nahodha alifika kwenye ile dunia ya mbali, akawashusha watu wake salama, akawawashia mtambo wa joto. Kisha usiku akakaa peke yake akafikiri. Akasema, nimekuja huku kutafuta nini, na mama yangu yuko kule? Akageuza chombo. Akarudi. Mama yake akamkuta mlangoni, wakakaa, wakala. Naye nahodha akasema, ningejua, nisingeondoka.

Walipiga makofi. Mpiga Pasi alijifuta macho kwa pindo la shuka la watu. Mwenyekiti alisema, "Hicho ndicho kitabu," na hajawahi kusifu kitu ambacho hakukizalisha yeye.

Basi jibu lako hilo hapo, kutoka kitabuni, ulikichagua mwenyewe. Mtu mwenye akili kuliko wewe na mimi amekaa akaandika kurasa zote hizo, na mwisho wake akaona pa kukaa ni nyumbani. Majokofu yapo huko ulipo, yanaharibika kila siku, hutakosa kazi. Waambie asante, wamtafute mwingine.

Tuma kitabu kingine, chama kinangoja.

Bibi yako


5 Julai

Bibi, shikamoo.

Nimefurahi kusikia Mama ana zamu ya mchana. Mimi mzima.

Kuna jambo sikukwambia. Nilipotuma kile kitabu, nilirudi kwa yule muuza vitabu nikanunua nakala ya pili. Nimekuwa nakisoma jioni, fungu kwa fungu, nikikisia nani wenu anasoma lipi. Nilitaka nijisikie nami nimekaa pale pembeni ya meza yako ya kukatia. Mwisho wake nimeufikia mwezi uliopita.

Nahodha harudi, Bibi.

Sitakuuliza kwa nini. Sitakuuliza tena na lile lingine. Kituo watasubiri hadi mwisho wa Agosti, kama nilivyosema, na nisipopata neno lako nitawaandikia kwamba siendi. Sitakasirika, nitaendelea na majokofu yangu. Ila nikibaki, nataka nibaki kwa neno lako mwenyewe. Nisibaki kwa neno la nahodha ambaye hakulisema.

Babu nimemtumia dawa ya kuchua.

Mjukuu wako


9 Agosti

Mke mwenzangu,

Babu yako anajichua goti asubuhi na jioni, nyumba inanuka kama basi la wanamichezo. Mama yako hajambo. Kanisimamia hapa mlangoni anataka kujua naandika nini. Nimemwambia asome kwenye bahasha.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nilikasirika. Mtu ananunua nakala ya pili kimyakimya, kama mkaguzi. Nikasema simwandikii. Nikakata mapazia ya shule kwa hasira hiyo, na madarasa mawili yametoka mafupi, wataona magoti ya watoto kutoka barabarani. Msimamizi akaniuliza, Bibi, unaumwa? Nikamwambia aumwe yeye.

Ndiyo, niliubadilisha mwisho. Nilisoma lile fungu nyumbani peke yangu, jioni, babu yako akiwa ameshalala. Nahodha anawasha mtambo wa joto, mtambo unataka mtu wa kukaa nao, naye ndiye anayeujua, anabaki. Na yule mama huku nyumbani kila jioni anakaa mbele ya redio anamwambia habari za siku hiyo, mvua imenyesha, paka wa jirani amezaa, na anajua sauti yake itachukua miaka kufika huko nyota iliko. Kitabu kinaishia hapo, mama anaongea na redio. Nikasema huyu mwandishi hana mama. Nikakifunga, nikashona mwisho wangu.

Ulipoandika, nikachukua lile fungu nikalirudisha karakana. Sikujieleza. Niliwaambia tu, mwisho niliowapa ulikuwa wangu, wa kitabu ni huu, asome Mpiga Pasi. Alisoma kwa sauti, na unaijua sauti yake, ina mvuke. Waliacha vifungo, waliacha uzi. Ukurasa ule wa redio ulipoisha hakuna aliyepiga makofi. Yule anayesinziaga akasema, "Soma tena hapo kwenye mvua." Mpiga Pasi akasoma tena. Na mimi niliyeuchukia nikiwa peke yangu, nikasikia kwamba yule mama haongei na redio. Anaongea na binti yake. Nilikuwa nimesoma haraka.

Mwenyekiti akasema, "Kumbe ulituibia."

Nikasema, "Sikuiba kitu. Nguo ilikuwa nyepesi, nikaitia bitana."

Akasema, "Bitana ya nani? Ulimwogopea nahodha au ulijiogopea mwenyewe?"

Nikamwambia atunge sindano yake. Lakini mkunga ameshika watu wengi wakiwa uchi, kumficha kitu ni kazi. Njiani alinifuata, akanibebea mfuko hadi kona ya kwetu. Nimemruhusu.

Basi nakuandikia mwenyewe, bila nahodha. Nina miaka sabini na sita. Miaka miwili kwako ni kipande kimoja kwenye robota, lile furushi zima la kitambaa. Kwangu sijui robota limebaki na kiasi gani, na sipendi kukata kitu nisichokipima. Hiyo miaka miwili ndiyo niliyoiona kwenye huo ukurasa niliosema umeungua. Haukuungua. Niliusoma siku ileile, nikauweka ndani ya sanduku la uzi, na nimekuwa nausoma kila ninapotafuta uzi mweusi. Babu yako aliuona. Yeye ndiye aliyeniambia juzi, bila kugeuka kutoka kwenye redio, "Ulimfundisha kushika bisibisi kabla ya kijiko. Sasa unashangaa nini?"

Nenda.

Nasema tena ili usiseme hukuelewa maandishi yangu. Nenda, tia sahihi, kawashe mitambo ya watu. Neno langu ni hilo, na radhi yangu iko juu yake. Kama robota litafika ukirudi, nitakupokea. Kama halitafika, nimekutangulia hatua kidogo tu, na hutajilaumu, nimekukataza. Mama yako nitamnyamazisha mimi.

Utaniandikia kila mwezi hata kama meli haiji. Ziwekwe pamoja, zifike zote siku moja, nitazisoma moja kila Jumapili. Ukinipa zote kwa ufupisho nitajua. Usiandike hali ya hewa, najua ni baridi. Andika umekula nini, nani amekuudhi, mtambo upi mkaidi. Mimi nitakuandikia yangu, nami sitafupisha.

Na chama kinataka kitabu kingine. Nimewaeleza nataka kirefu. Yule muuza vitabu wako mwambie atafute riwaya ya nyota yenye vitabu vitano, sita, vinavyofuatana, familia ileile, vita vilevile, mpaka wajukuu. Mwenyekiti alisema kwa mwendo wetu wa kufumua na kusimuliana, hicho kitatuchukua miaka miwili na zaidi. Nikamwambia ndiyo maana. Akanitazama, kisha akasema yeye mwenyewe atachanga uzi. Mpiga Pasi anaomba vita viwe vingi. Nunua na nakala yako, safari hii sitakasirika. Soma huko tunaposoma huku, na usitutangulie.

Cha kwanza cha riwaya ya namna hiyo tayari tumekipata, mtoto wa Mwenyekiti amekileta, nimeshakifumua; jina lake nimeliandika nyuma ya bahasha ili muuza vitabu atafute vinavyofuata. Fungu la mwisho nimempa Mwenyekiti, asahihishe apendavyo. Mimi nimeomba la kwanza, lile la kuondoka. Nimelisoma jana. Wanaagana vibaya, wanaharakisha, mmoja ameshapanda mwingine bado anatafuta la kusema. Nitawaambia Jumamosi kwamba hapo mwandishi amechemsha.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe sasa hivi, kabla hawajafunga. Ukishatia sahihi, omba likizo yako yote, uje. Mimi siagwi kwa barua.

Bibi yako